Ufaulu wetu uko juu, lakini tutathibitishaje kwamba wanafunzi wamejifunza na programu ina ubora?

Mkufunzi wa Mifugo (muuliza swali)

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi.

Ninafundisha katika chuo cha mifugo hapa Tanzania, kwenye programu ya Stashahada ya Afya ya Mifugo na Uzalishaji. Mwaka huu nimekabidhiwa uongozi wa kamati ndogo inayoandaa taarifa ya tathmini binafsi ya programu hiyo, yaani programu kujipima yenyewe, kabla mtaala haujahuishwa na kuwasilishwa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi. Nimeanza kukusanya takwimu, na jambo la kwanza lililonisumbua ni kwamba takwimu zetu ni nzuri mno. Karibu kila mwanafunzi anafaulu karibu kila moduli, wastani wa alama za vitendo uko juu kuliko wa nadharia, na fomu ambazo wanafunzi hujaza mwishoni mwa muhula zinasema kwamba sisi wakufunzi tunafundisha vizuri.

Maafisa mifugo wanaowapokea wanafunzi wetu wakati wa mafunzo kwa vitendo wanatueleza habari nyingine kabisa. Wanasema kijana wa mwaka wa mwisho anaweza kukutajia dalili zote za ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, kwa mpangilio aliofundishwa, lakini ukimkabidhi sindano na slaidi ukamwambia achukue majimaji ya tezi iliyovimba chini ya sikio la ng'ombe, anasita, na hata akifanikiwa kuyachukua hajui atafute nini kwenye hadubini. Nilipopitia mitihani ya miaka iliyopita niliielewa sehemu ya sababu. Swali la "Taja dalili tano za ndigana kali" limekuwa likijirudia kila mwaka, na kinachobadilika ni jina la ugonjwa tu: mara ndigana kali, mara kimeta, mara chambavu.

Utaratibu rasmi ninaufahamu. Mtaala wetu unazingatia umahiri, una matokeo makuu na matokeo wezeshi (yaani mambo ambayo mwanafunzi anatakiwa aweze kuyatenda, na hatua za kuyafikia), na kila moduli ina mpango wake wa upimaji. Kwetu tathmini endelevu huchangia asilimia 40 na mtihani wa mwisho wa muhula asilimia 60. Nyaraka zote zipo na zimesainiwa. Ninachokosa ni ushahidi ambao mtu wa nje akiusoma ataridhika kwamba mhitimu wetu anaweza kufanya kazi tuliyoahidi kwamba ataiweza, na endapo hawezi, ushahidi huohuo uonyeshe ni wapi katika miaka mitatu ya mafunzo tulipomwacha.

Naomba wenye uzoefu wanisaidie. Ni ushahidi wa aina gani unaofaa kuhukumia ubora wa programu nzima, mbali na asilimia ya ufaulu? Alama za vitendo tuziamini vipi ikiwa kila mkufunzi anasahihisha kwa kipimo chake? Na haya yote yawezekane vipi katika darasa lenye wanafunzi wengi, hadubini chache na ng'ombe wachache wa shamba la chuo?

Mthibiti Ubora

Ndugu Mkufunzi, nakupongeza kwa kushtushwa na takwimu nzuri, kwa sababu kamati nyingi za tathmini binafsi huzipokea takwimu za namna hiyo kwa furaha, zikazinakili kwenye taarifa na kuendelea na sura inayofuata. Nimefanya kazi ya uthibiti ubora katika vyuo vya kati na baadaye katika chuo kikuu, na nitajibu kwa kirefu kidogo kwa kuwa suala lako lina tabaka zaidi ya moja.

Kwanza, tenganisha kumpima mwanafunzi na kuipima programu. Alama ya moduli imetengenezwa ili imwambie mwanafunzi kama anavuka au anarudia. Ndani yake kuna jaribio, kazi ya kikundi, mahudhurio katika baadhi ya vyuo, na mtihani, vyote vikiwa vimejumlishwa hadi kubaki tarakimu moja. Ukiniambia darasa lako lina wastani wa 68 katika moduli ya magonjwa ya mifugo, sijui kama wanafunzi ni hodari wa kutambua ugonjwa lakini dhaifu katika kukokotoa dozi, au ni kinyume chake. Kwa ajili ya programu unahitaji kuifumua ile jumla, ukachukua tokeo moja la mtaala, kwa mfano "kutambua na kutibu magonjwa yaenezwayo na kupe", ukatafuta kazi halisi ya mwanafunzi inayolionyesha tokeo hilo, kisha sampuli ya kazi hizo ikasomwa na watu zaidi ya mmoja kwa vigezo vilivyokubaliwa kabla. Msiyachukue matokeo yote kwa wakati mmoja. Mawili kwa mwaka yanatosha, na yatakuwa yamefanyiwa kazi kweli.

Kabla ya hapo, chora jedwali lenye matokeo ya mtaala upande mmoja na moduli upande mwingine, na katika kila kisanduku andikeni kama tokeo hilo linafundishwa, linafanyiwa mazoezi, au linapimwa. Kazi hii ifanywe na wakufunzi wote wakiwa wameketi pamoja, kwa sababu mmoja akijifungia ofisini atajaza kile mtaala unachosema, si kile kinachotendeka darasani. Mara nyingi jedwali hilo hufichua tokeo linalofundishwa katika moduli nne na kupimwa katika moduli sifuri. Katika programu za kilimo na mifugo nilizopitia, tokeo hilo karibu kila mara lilikuwa lile la kumshauri mfugaji: lipo kwenye ukurasa wa kwanza wa mtaala, kila mkufunzi analitaja, na hakuna aliyewahi kumpa mwanafunzi alama kwa kulitenda. Hesabuni pia saa. Ngazi moja ya NTA, yaani mfumo wa kitaifa wa tuzo za elimu ya ufundi, ina krediti zisizopungua 120, na krediti moja ni saa 10 za kujifunza, yaani saa 1,200 kwa ngazi. Jiulizeni ni ngapi kati ya hizo mwanafunzi mmoja mmoja alikuwa na mnyama, slaidi au dawa mikononi mwake, badala ya kusimama nyuma ya wenzake akichungulia.

Kuhusu mitihani ya nadharia, usiidharau. Tatizo ni maswali. Chukueni mitihani ya miaka mitatu, mpange kila swali kwa kitenzi chake na kwa tokeo linalolenga. Mkikuta zaidi ya nusu ya alama zinapatikana kwa "taja" na "orodhesha", mmepata jibu la kwa nini ufaulu uko juu na uwezo uko chini. Kisha andikeni maswali yanayomweka mwanafunzi kazini. Kwa mfano: mfugaji ana ng'ombe chotara mwenye uzito wa kilo 240, joto la mwili ni nyuzi 41, tezi za chini ya masikio zimevimba, anakohoa na machozi yanamtoka, mfugaji anasema juzi alimchoma oksitetrasaiklini iliyokuwa imebaki nyumbani, na maziwa anaendelea kuyauza. Eleza utachukua sampuli gani na kwa nini. Ukiwa na dawa ya buparvakwoni yenye miligramu 50 katika kila mililita, na dozi ikiwa miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito, kokotoa kiasi cha kumchoma. Kisha andika utakachomwambia mfugaji kuhusu maziwa.

Jibu la hesabu ni mililita 12, na kukokotoa huko ni sehemu rahisi. Thamani ya swali iko katika kuwatenganisha wanafunzi kwa aina ya udhaifu wao: yupo atakayepata mililita 12 na kusahau kabisa maziwa, ambayo yanaweza kuwa na mabaki ya dawa, yupo atakayekumbuka maziwa lakini akachukua damu pekee bila kugusa tezi, na yupo atakayeanza na dawa kabla ya kutaka kujua ugonjwa. Mkisahihisha kwa kuandika idadi ya waliokwama katika kila kipande, mnakuwa na taarifa ya programu ambayo wastani wa 68 usingewapa kamwe.

Baada ya mtihani fanyeni uchambuzi wa maswali. Hauhitaji programu ya kompyuta ya gharama. Kwa kila swali, tafuta sehemu ya wanafunzi waliolipata. Hicho ndicho kiashiria cha ugumu. Kisha wapange wanafunzi kwa alama za jumla, chukua asilimia 27 ya juu na asilimia 27 ya chini, ulinganishe makundi hayo mawili katika swali hilohilo. Swali ambalo wa juu na wa chini wanalipata sawasawa halipimi kitu kinachotofautisha uwezo, na swali ambalo wa chini wanalipata zaidi kuliko wa juu huwa lina kasoro, aghalabu katika maneno yake au katika mwongozo wa usahihishaji.

Kuhusu kuaminika kwa alama, njia ni moja na haikwepeki: wakufunzi wawili wasahihishe kazi zilezile bila mmoja kuziona alama za mwenzake, kisha mlinganishe. Mkipishana sana, msigawanye kwa mbili ili yaishe. Ketini, kila mmoja aeleze alichokiona, mrekebishe mwongozo, mrudie na kazi nyingine chache. Usawazishaji wa namna hiyo huwafundisha wakufunzi wenyewe kuliko semina nyingi nilizowahi kuhudhuria. Watahini wa nje tunao, na ni utaratibu uliozoeleka katika vyuo vikuu vyetu tangu chuo cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961 chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London. Hata hivyo mtahini wa nje huja muhula umekwisha, husoma karatasi na kuondoka, na karatasi haimwonyeshi mkono wa mwanafunzi ukishika sindano.

Afisa Mifugo wa Kata

Ndugu Mkufunzi na Ndugu Mthibiti, nawasalimu. Mimi niko upande wa wale mnaotuletea wanafunzi, na ningependa kueleza jinsi tathmini ya mafunzo kwa vitendo inavyoonekana kutoka huku, maana naamini hapo ndipo penye ushahidi mwingi zaidi na ndipo unapopotea.

Fomu zinazotufikia kutoka vyuo mbalimbali zinafanana. Zinauliza nidhamu, mahudhurio, usafi, ushirikiano na wafanyakazi wengine, halafu zinataka alama ya jumla kati ya mia moja. Msimamizi aliyekaa na kijana mwenye heshima kwa majuma manane atampa themanini na kitu, na kwa maswali aliyoulizwa atakuwa amesema kweli. Hakuna mahali anapoulizwa kama kijana huyo aliwahi kuandaa slaidi ya damu inayosomeka. Daftari la kumbukumbu nalo limejaa sentensi za "leo tulitembelea wafugaji na kutoa chanjo". Nani alichanja? Kuku wangapi? Chanjo ilibebwaje kutoka ofisini hadi kijijini, na ilikuwa bado na ubaridi ilipofika?

Ninachopendekeza ni orodha fupi ya kazi, zisizidi kumi na mbili, zilizokubaliwa kati ya chuo na sisi wasimamizi. Kupima joto na kuchunguza mnyama kwa mpangilio. Kuchukua damu kwenye mshipa wa sikio na majimaji ya tezi, na kuandaa slaidi zote mbili kwa rangi ya Giemsa. Kupima maziwa kwa ajili ya ugonjwa wa kiwele. Kuchanja kuku dhidi ya kideri kwa chanjo ya I-2, tone moja jichoni kwa kila kuku, na kumweleza mfugaji kwamba chanjo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kupima uzito kwa utepe na kukokotoa dozi. Kukagua nyama. Kuandika taarifa ya ugonjwa na kuiwasilisha ngazi ya juu. Mbele ya kila kazi kuwe na hatua nne: ameona ikifanyika, amefanya akisaidiwa, amefanya mwenyewe nikiwa nimesimama karibu, na anaweza kuachwa peke yake. Msimamizi aandike tarehe na kusaini pale mwanafunzi anapovuka hatua. Fomu ya namna hiyo hainiombi kumhukumu kijana kama mtu. Inaniuliza kama ningemtuma peke yake kwa mfugaji, na swali hilo msimamizi yeyote analijibu kwa uaminifu kwa sababu jina lake ndilo litakaloharibika kijijini.

Jambo jingine ni msimu. Kupe wa ndigana kali hushamiri wakati wa mvua, na wanafunzi wengi hutufikia wakati wa kiangazi kwa kuwa ndiyo likizo ya chuo. Kijana anamaliza mafunzo hajaona ng'ombe hata mmoja mwenye tezi zilizovimba, kisha anahesabiwa kuwa amepita sehemu hiyo ya mtaala. Kalenda ya masomo ikipangwa bila kutazama kalenda ya mvua, hakuna fomu itakayoziba pengo hilo. Naomba kamati yako iliandike hili kwa herufi kubwa.

Mkufunzi, Bonde la Ufa

Mwalimu, nakusalimu kutoka Kenya. Sisi huku tumekuwa katika safari inayofanana na yenu tangu Sheria ya Mafunzo ya Ufundi ya mwaka 2013, iliyounda baraza la kuandaa mitaala, kutathmini na kutoa vyeti, ambalo wengi wanalijua kwa jina la CDACC. Katika mfumo huo mwanafunzi hutengeneza jalada la ushahidi, yaani mkusanyo wa kazi zake, picha, orodha za ukaguzi na maelezo ya msimamizi. Mtathmini hulipitia, mhakiki wa ndani hukagua kama mtathmini ametenda haki, na uamuzi huwa kwamba mwanafunzi ni mahiri au bado hajawa mahiri.

Ninaupenda mfumo huo kwa sababu unamlazimu mwalimu kutazama kazi yenyewe. Hata hivyo nimeona mambo mawili ambayo ningependa myaepuke mapema. La kwanza ni jalada kugeuka rundo la karatasi. Mkidai ushahidi kwa kila kipengele kidogo, wanafunzi watanakili kutoka kwa wenzao, picha moja ya ng'ombe itaonekana katika majalada kumi, na mwalimu mwenye wanafunzi sitini atasaini bila kusoma. Afadhali vipande sita vilivyosomwa kuliko arubaini vilivyohesabiwa. La pili ni uamuzi wa "mahiri" au "bado" kumeza habari yote ya katikati. Uamuzi huo unatosha kwa cheti, lakini kwa programu hautoshi, na hapa ningemuunga mkono ndugu Afisa Mifugo: hatua zake nne zinabeba habari zaidi. Katika kikao cha idara, kujua kwamba wengi wamekwama kwenye hatua ya "amefanya akisaidiwa" kunaonyesha moja kwa moja kwamba kilichokosekana ni muda wa mazoezi.

Kuhusu vifaa vichache na wanafunzi wengi, jaribuni mtihani wa vituo, ule uliobuniwa katika shule ya utabibu ya Dundee huko Uskoti katika miaka ya 1970 na ambao vyuo vya afya vya Afrika Mashariki vinautumia. Mnapanga vituo kumi, kila kimoja kikiwa na kazi moja na mtahini mwenye orodha ya kukagulia, na wanafunzi wanazunguka, dakika sita kila kituo. Kundi la wanafunzi kumi linamaliza kwa saa moja, kwa hiyo wanafunzi sitini wanamalizika kwa siku moja ndefu, ukiweka na muda wa kupumzika. Vituo vinavyohitaji mnyama hai havizidi viwili au vitatu. Vingine ni slaidi iliyokwisha kuandaliwa ya kusomwa kwenye hadubini, chupa ya dawa ambayo lebo yake isomwe na dozi ikokotolewe, boksi la chanjo ambalo barafu yake imeyeyuka na mwanafunzi aamue la kufanya, na kituo kimoja ambapo mfanyakazi wa shamba anaigiza mfugaji mwenye wasiwasi na mwanafunzi anamshauri. Kituo hicho cha mwisho ndicho kitakachojaza kile kisanduku kitupu alichokitaja Mthibiti. Hakikisheni tu kwamba ng'ombe wanabadilishwa katikati ya siku, kwa maana mnyama aliyechomwa na kushikwashikwa na watu sitini anateseka, na tena mwanafunzi wa mwisho hapati mtihani sawa na wa kwanza.

Mkufunzi wa Mifugo (muuliza swali)

Nawashukuru sana wote watatu, na nimeyachapisha majibu haya ili kamati iyasome. Suala la msimu limenigusa, kwa kuwa ratiba ya mafunzo kwa vitendo tuliirithi na hakuna aliyewahi kuuliza ilipangwa kwa sababu gani.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Mkuu wa chuo anataka taarifa ibebe kwa uzito fomu za wanafunzi kuhusu ufundishaji, pamoja na utafiti wa kufuatilia wahitimu, kwa hoja kwamba hivyo ndivyo wakaguzi wanavyovitafuta kwanza. Fomu tunazo nyingi. Ufuatiliaji wa wahitimu tuliujaribu, na waliojibu walikuwa wachache, wengi wao wakiwa ni walioajiriwa. Je, vitu hivi viwili vina uzito gani? Na la pili, wenzangu wawili katika idara wanahofu kwamba kuchambua makosa ya wanafunzi kwa kila tokeo kutageuka kuwa njia ya kuwahukumu wao. Niwaeleze nini?

Mthibiti Ubora

Ndugu Mkufunzi, nianze na fomu. Mwanafunzi ni shahidi mzuri wa mambo aliyoyaona: kama kipindi kilifanyika, kama alishika hadubini mwenyewe au aliangalia tu, kama kazi yake ilirudishwa ikiwa na maelezo au tarakimu peke yake, kama vifaa vya maabara vilifanya kazi. Kwa hayo mwamini, na maswali ya fomu yajikite humo. Kama amejifunza kiasi cha kutosha kuwa fundi wa afya ya mifugo, hilo hawezi kulithibitisha kwa kuweka alama ya vema kwenye kisanduku. Watafiti waliounganisha na kuchambua upya tafiti nyingi za awali walionyesha mwaka 2017 kwamba alama ambazo wanafunzi huwapa walimu wao hazina uhusiano wa maana na kiasi walichojifunza. Ziweke fomu kwenye taarifa, lakini katika sura inayohusu mazingira ya kujifunzia.

Kuhusu wahitimu, ulichokiona ni cha kawaida: aliyeajiriwa anapatikana na anafurahi kujibu, asiye na kazi anaona aibu au amebadilisha namba ya simu. Kusanyeni namba mbili, ya mhitimu na ya mzazi au ndugu, siku anapokuja kuchukua cheti, na mpigieni baada ya miezi kama kumi na miwili badala ya kumtumia dodoso. Muwatafute pia waliojiajiri katika maduka ya dawa na pembejeo za mifugo na wale wanaozunguka vijijini kutibu, kwa sababu hao ndio wanaotumia mlichowafundisha bila msimamizi juu yao. Lakini nisisitize kwamba asilimia ya walioajiriwa haipimi ubora wa programu yenu pekee. Serikali ikitoa vibali vingi vya ajira za ugani mwaka huu, asilimia itapanda bila ninyi kubadilisha chochote, na mwakani ikishuka haitakuwa kosa la idara. Swali lenye faida kwa mhitimu ni hili: kati ya zile kazi kumi na mbili za Afisa Mifugo, ipi ulilazimika kujifunza upya ulipoanza kazi? Kama wengi watataja usomaji wa slaidi, basi mnajua pa kuanzia.

Hofu ya wenzako ni ya haki na isipuuzwe. Matokeo ya uchambuzi yakianza kutumika kupanga nani apandishwe daraja na nani aitwe ofisini, mwaka unaofuata miongozo ya usahihishaji italegezwa na kila kitu kitaonekana chema tena, na mtarudi mlipokuwa. Kubalianeni kwa maandishi, na mkuu wa chuo asaini, kwamba uchambuzi unataja matokeo ya mtaala na moduli, hautaji majina ya wakufunzi, na hauingii kwenye faili la mtumishi. Ukweli wa kitaaluma nao unawaunga mkono: mwanafunzi asiyeweza kusoma slaidi mwaka wa tatu amepita mikononi mwa wakufunzi wengi, na ni vigumu kwa uadilifu kumbebesha mmoja wao mzigo huo.

Mwisho, taarifa yenu iwe na sehemu inayoeleza kilichoamuliwa. Wakaguzi wenye uzoefu hawashangazwi na programu yenye udhaifu; wanachotafuta ni muhtasari wa kikao unaosema mliona nini, mkabadilisha nini, na kundi lililofuata lilipopimwa kwa kipimo kilekile likaonyesha nini. Bila hiyo hatua ya tatu, hakuna atakayejua kama mabadiliko yalisaidia.

Afisa Mifugo wa Kata

Niongeze dogo kwa ndugu Mkufunzi. Kama mtachagua matokeo mawili kwa mwaka huu, naomba la kwanza liwe utambuzi wa magonjwa ya kupe, pamoja na usomaji wa slaidi. Ndigana kali na ndigana baridi hutibiwa kwa dawa tofauti, na mfugaji mdogo mwenye ng'ombe wawili wa maziwa hana uwezo wa kununua dawa isiyo sahihi kisha akanunua nyingine. Mkiandaa ile orodha ya kazi, nitumieni rasimu kabla hamjaipitisha. Nitaipeleka kwa wenzangu wa kata za jirani wanaopokea wanafunzi wenu, ili msimu wa mvua ukifika tuwe tunajaza fomu moja kwa namna moja.